Mpangaji Aliponunua Nyumba: Bagamoyo na Mwaka 1890

Ukinunua kiwanja Bagamoyo siku hizi, iwe ni Dunda mjini au kule Kiromo, karatasi haikamiliki kwa muuzaji na mnunuzi peke yao. Atakuwepo dalali anayesubiri chake. Atakuwepo mwenyekiti na muhuri wake. Na zaidi ya wote wataitwa majirani wa mipakani, waseme kwa vinywa vyao kwamba mwembe huu ndio mwisho na kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Jirani mmoja akigoma kutia sahihi, biashara inasimama. Na ikijulikana kuwa kiwanja kilikuwa kimepangishwa tu, hapo wazee hukaa chini wakaulizana: hii ni kodi au ni mauzo? Maana hayo mawili hayafanani hata kidogo, na ugomvi mwingi wa ardhi katika wilaya hii umezaliwa na watu kuyachanganya.

Mwaka 1890 mji huu wote, pamoja na Saadani, Pangani, Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi, ulitolewa kwenye karatasi ya kupangisha ukahamishiwa kwenye karatasi ya mauzo. Majirani wa mipakani hawakuitwa. Dalali alikuwepo, tena mkubwa.

Tukiizungumza historia ya mji wetu tunapenda kukaa kwenye vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani. Ni haki. Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, ana sura, ana sauti, ana mwisho wa kutisha pale Pangani, na mahali pa kunyongea watu hapa Bagamoyo kila mgeni huoneshwa. Lakini vita vilimalizika, kwa sehemu kubwa, Desemba 1889. Kilichoamua tutakuwa watu wa nchi gani, na kwa haki ipi, kilifanyika katika miezi 12 iliyofuata, ofisini, kwa wino. Mwaka huo hauna kaburi wala mnara, ndiyo maana haukumbukwi.

Turudi nyuma kidogo ili karatasi ya kwanza ieleweke. Sultani Barghash wa Zanzibar alifariki Machi 1888. Mdogo wake Khalifa alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti aliposaini, tarehe 28 Aprili 1888, mkataba na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa na Carl Peters. Kampuni ilipewa forodha na utawala wa pwani, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Masharti yalikuwa ya upangaji kabisa: itawale kwa jina la Sultani, chini ya bendera ya Sultani, haki yake ya ufalme ibaki palepale. Kampuni ya Waingereza ilikuwa imepata mkataba wa namna hiyohiyo kwa upande wa Mombasa mwaka mmoja kabla, nao wa miaka 50. Shikeni hilo la Mombasa, tutalirudia.

Agosti 1888 mpangaji akahamia, na tabia yake ikaonekana siku ileile. Mabishano ya kwanza yalikuwa ya bendera: kampuni ilitaka yake ipepee pamoja na ile nyekundu ya Sultani, na hapa Bagamoyo ikataka hata bendera ya nyumbani kwa liwali, mwakilishi wa Sultani, ishushwe. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba kugombania kitambaa ni utoto. Si utoto. Bendera ndiyo ilikuwa namna ya wakati ule ya kuuliza swali la kodi au mauzo, na watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, walilielewa haraka kuliko wanadiplomasia. Mpangaji anayeondoa kibao cha mwenye nyumba mlangoni hana nia ya kulipa kodi muda mrefu.

Septemba hiyo meli ya vita Leipzig ilishusha askari wake hapa Bagamoyo, watu wakauawa. Kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nako kwa msaada wa mizinga ya meli. Kampuni ya biashara ilikuwa imeshindwa kazi. Ndipo Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, mapema 1889, na afisa wa Kijerumani, Hermann Wissmann, akaja na askari wa Kisudani aliowaandika Misri, takriban 600, pamoja na wengine aliowachukua Msumbiji. Tarehe 8 Mei aliivunja ngome ya Bushiri karibu na mji huu. Julai akachukua Pangani na Tanga. Tarehe 15 Desemba 1889 Bushiri akanyongwa.

Fedha hizo za Bunge, lazima tuelewe, ziliombwa kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa. Hata meli zilizoizingira pwani kuanzia Desemba 1888, za Wajerumani na Waingereza kwa pamoja, zilisemwa zinazuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Sina haja ya kuwatetea waliouza watu. Njia ya misafara iliyoishia hapa ilibeba mateso ambayo hakuna Mswahili mwenye akili atakayeyapamba. Ninachosema ni kwamba sababu moja njema ilitumika kama gunia: kila kitu kilitiwa ndani yake, hadi forodha.

Basi 1890 unaanza. Angalia jinsi wenye meza walivyobadilika ndani ya wiki chache. Tarehe 13 Februari Sultani Khalifa akafariki, akatawazwa ndugu yake Ali bin Said, wa tatu kukaa kwenye kiti kile ndani ya miaka miwili. Machi, kule Berlin, Chansela Bismarck akaondoka baada ya kugombana na Kaizari kijana, akaingia Jenerali Caprivi, mtu asiyekuwa na hamu kubwa ya makoloni. Waliopatana 1888 hawakuwepo tena, upande huu wala ule. Karatasi ikabaki yatima.

Hapa Bagamoyo kwenyewe mambo yalikwenda kama kwamba hakuna linalojadiliwa popote. Aprili, Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana kwa kiburi kizuri kuliko wote, aliweka silaha chini. Mwezi huohuo, tarehe 26, Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri huko kusini mwa Sudani, akatoka na msafara kuelekea maziwa makuu. Huyu ni yule aliyefika na Stanley, mpelelezi wa bara la Afrika, Desemba iliyotangulia, akapokelewa kwa karamu, na usiku uleule akaanguka kutoka dirisha la ghorofani akaumia vibaya kichwani. Alipopona akaajiriwa na Wajerumani. Alitumwa kuwahi nchi za kando ya Ziwa Victoria kabla ya Waingereza. Carl Peters naye alikuwa huko bara, amekwisha kupata mkataba na Kabaka Mwanga wa Buganda mwezi Februari, anarudi pwani akijiona mshindi.

Kazi bure. Wakati wapagazi wa Emin wanahesabiana mizigo njiani, afisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, Sir Percy Anderson, alikuwa Berlin amekaa na Dk. Krauel wakigawana ramani. Tarehe 1 Julai 1890 mkataba ukasainiwa. Upande wa magharibi wa ziwa mstari ukapita nyuzi 1 kusini mwa ikweta, Buganda ikawa ya Waingereza, na karatasi ya Peters ikawa ya kufungia karanga. Alifika Bagamoyo Julai hiyohiyo.

Wahenga walisema zumari ikipigwa Unguja, hucheza walio bara. Mwaka huo zumari haikupigwa Unguja. Unguja yenyewe ilichezeshwa.

Kilichobadilishwa ni hiki. Ujerumani ilipata Heligoland, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 2, mbele ya mlango wa bandari zake za Bahari ya Kaskazini. Ikaacha Witu, nchi ndogo ya pwani karibu na Lamu, ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Uingereza nayo ikaahidi, na hapa ndipo pa Bagamoyo, kwamba itatumia ushawishi wake wote ili Sultani akubali kwa ridhaa kuiachia Ujerumani moja kwa moja ile pwani aliyokuwa ameipangisha kampuni, pamoja na kisiwa cha Mafia. Kwa kupoteza mapato yake, atapewa fidia ya haki.

Soma tena kifungu hicho kwa jicho la mtu wa hapa. Aliyeahidi kuuza si mwenye mali. Ni dalali. Mwenye mali ataelezwa baadaye, na ataelezwa na huyohuyo dalali, ambaye tangu katikati ya Juni alikuwa amekwisha kumfanya Sultani akubali himaya yake. Sasa mtu aliye chini ya himaya yako, unayemlinda, unayemwandikia barua za nje, akatae vipi ushauri wako? Na bei itapangwa lini? Baada ya kukubali.

Wafaransa walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na mashiko: mwaka 1862 wao na Waingereza walikuwa wameahidi pamoja kuheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Wakatulizwa. Tarehe 5 Agosti 1890 Uingereza ikatambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska, nao wakaitambua ya Unguja. Kwa hiyo orodha ya waliotoa sehemu ya bei ya pwani yetu inawahusu hata Wamalagasi, watu waliokuwa mbali kabisa na ugomvi huu. Mimi kila nikikisoma kisa hiki hapo ndipo ninapocheka, na kicheko chenyewe si cha furaha.

Na katika ajabu za kalenda: siku moja tu baada ya mkataba wa Berlin, tarehe 2 Julai 1890, mkutano wa mataifa uliokuwa ukikaa Brussels tangu Novemba ulitoa hati yake kubwa dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 1 hubadilishana watu kwa maelfu, pamoja na miji yao na minazi yao, bila ya kuwauliza. Tarehe 2 hukataza kuuza watu. Najua sheria inatenganisha mambo hayo mawili. Najua pia kwamba mtumwa aliyeachwa huru hakujali ni nani aliyetia sahihi. Hata hivyo tarehe hizo zimekaa pamoja na siwezi kuzitenganisha kichwani.

Oktoba Sultani Ali akakubali. Bei: marki milioni 4, sawa na paundi 200,000 za wakati ule. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua rasmi utawala kutoka mikononi mwa kampuni, na miezi michache baadaye akaja gavana wa kwanza, Julius von Soden. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani, ikanyang'anywa cheo mwaka huohuo wa 1891, kikapelekwa Dar es Salaam kwa sababu ya bandari yenye kina. Hapa kwetu maji ni ya majahazi. Meli kubwa hutia nanga mbali.

Nani alilipa? Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu jibu la haraka, Ujerumani, si sahihi. Kampuni ilipewa ruhusa ya kukopa marki zaidi ya milioni 10, na kutoka humo ndipo Sultani alipolipwa milioni 4 zake. Ili kampuni iweze kulipa deni, serikali ya Ujerumani iliahidi kuipa marki 600,000 kila mwaka. Kutoka wapi? Kutoka mapato ya forodha za pwani. Yaani pembe ya ndovu iliyobebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji, ikapimwa hapa ufukweni kwa frasila, ikatozwa ushuru, ndiyo iliyolipia karatasi iliyosema kuwa ufukwe huu sasa ni wa Wajerumani. Piga hesabu: kwa miaka saba marki 600,000 zinapita milioni 4. Mali ilijinunua yenyewe, kwa niaba ya mtu mwingine.

Lakini swali gumu zaidi halimhusu Mjerumani. Linamhusu Sultani: je, alikuwa na haki ya kuuza?

Nakiri hapa wengi tunateleza. Tunamhurumia Sultani kama mwenye nyumba aliyedhulumiwa, halafu tunasahau kwamba majumbe na madiwani wa Mrima hawakuwahi kumwona hivyo. Kwao Sultani alikuwa mkubwa wa forodha na mlinzi wa biashara. Aliweka liwali, aliweka askari wachache, alichukua ushuru wa baharini. Ardhi, mazishi, hukumu za kijiji, heshima ya kilemba, na kile wenyeji walichotoza misafara kabla haijafika ufukweni, hayo yalikuwa ya wenyewe: Washomvi na madiwani wao mjini, Wazaramo na mapazi wao, yaani wakuu wao, nyuma ya mji. Ndoa hiyo ilikuwa ya kuvumiliana. Kila upande ulijua mahali ambapo mkono wake unaishia.

Ushahidi uko kwenye vita vyenyewe. Septemba 1888 Sultani Khalifa alimtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, kwenda Pangani kutuliza watu. Wapiganaji wakamfukuza. Si Mjerumani aliyefukuzwa siku ile. Ni mjumbe wa Sultani. Bushiri mwenyewe, Mwarabu mwenye shamba la miwa, hakuwa mtu wa Sultani hata kabla ya Wajerumani kuja. (Wenzetu wa Pangani watanisamehe kwa kumzungumza Bushiri kama kwamba ni wa kwetu, alipiga kambi hapa, basi nasi tuna fungu letu.) Watu wale walikwisha kusema, kwa bunduki, kwamba aliyepangisha hakuwa na ruhusa hata ya kupangisha. Miaka miwili baadaye huyohuyo akauza.

Ndiyo maana siikubali hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba karatasi ya 1890 haikubadili kitu kwa sababu mizinga ilikuwa imekwisha kuamua. Ni kweli kwa mvuvi wa Bagamoyo wa Novemba 1890. Askari ni yuleyule, kiboko ni kilekile. Lakini mizinga huamua nani yupo. Karatasi huamua nani atadai baadaye. Na kuna mahali pa kupimia tofauti hiyo, si mbali: Mombasa.

Mombasa, Malindi na Lamu hazikuuzwa. Zilibaki kwenye upangaji. Kampuni ya Waingereza ilipochoka, mwaka 1895, serikali ya Uingereza iliingia mahali pake, na katika mkataba mpya ikakubali kumlipa Sultani paundi 11,000 kwa mwaka. Bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus. Mwaka 1920 Kenya ya bara ilipofanywa koloni, ukanda wa pwani ukabaki himaya, kwa jina la Sultani. Na uhuru ulipokaribia, swali likafumuka: pwani ni ya nani? Wakatokea watu wa mwambao waliotaka kujitenga. Ilibidi Sir James Robertson atumwe 1961 kuchunguza, na ilibidi Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakubaliane kabla Kenya haijapata uhuru Desemba. Hata leo hoja ile haijazikwa. Kila baada ya muda mtu huifukua.

Tanga haikuwa na suala la mwambao. Bagamoyo haikuwa nalo. Mwaka 1919, Ujerumani iliponyang'anywa makoloni, pwani yetu ilikwenda pamoja na bara kama kipande kimoja, ikawa Tanganyika, na mwaka 1961 ikaingia uhuru bila mtu yeyote kuja na karatasi ya kodi. Ingekuwa ule upangaji wa miaka 50 umeachwa ulivyo, hesabu inaonesha ungeisha 1938, na sielewi Nyerere na wenzake wangeanzia wapi kuwaeleza watu wa Kisarawe kwamba Dar es Salaam ni ya bwana wa Unguja.

Sisemi kwamba tuwashukuru Caprivi na Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Hawakuwa wakitufikiria. Mtu aliyeiba ngalawa yako akaipeleka pwani nyingine, siku ileile dhoruba ikavunja ngalawa zote zilizobaki, hukumpa kazi ya kuiokoa. Ngalawa imesalimika, wizi ni wizi. Kinachonisumbua ni kwamba sisi tunaoishi ndani ya matokeo ya mauzo yale tunayasimulia kama sehemu ya vita, mstari mmoja kwenye daftari la shule, wakati jirani zetu wa Mombasa kila mtoto wa mjini amewahi kusikia habari ya maili 10, yaani ule ukanda wa pwani wa Sultani.

Bado kuna hesabu moja haijafungwa: zile paundi 200,000. Sultani hakuzila. Zilishikwa na Waingereza kwa niaba yake. Zilikaa hadi 1895, na kampuni ya Mombasa ilipotakiwa kulipwa ili iondoke, bei ikiwa paundi 250,000, serikali ya London ilitoa 50,000. Zilizobaki zilikuwa 200,000, zikatoka kwenye fungu la Sultani. Bei ya Bagamoyo, Pangani na Tanga ilitumika kumwondoa mpangaji wa Mombasa, ili Waingereza wahamie. Kwa fedha hizo zilizotumika Sultani akaahidiwa riba ya asilimia 3: paundi 6,000 kila mwaka, juu ya ile kodi ya 11,000. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopandisha bendera yake, malipo ya Mombasa yalikuwa bado yanakwenda Unguja, na ndani yake mlikuwa na riba ya marki milioni 4 zilizolipiwa Bagamoyo.